Kasoko za wanaastronomia wa ridhaa: jinsi ya kuzisaka Mwezini usiku baada ya usiku

Ramani ya Mwezi tunayoitumia leo ina deni kubwa kwa watu ambao astronomia haikuwa ajira yao. Mmoja alipika bia Gdańsk, mwingine alikuwa na benki Berlin, mwingine alipima ardhi Dresden. Yupo mwalimu wa shule, yupo mchungaji, yupo mpiga kinanda wa kanisani. Yupo pia mwanamke wa mji mdogo wa Uingereza ambaye hakukanyaga chuo kikuu, lakini ndiye aliyeyanyoosha majina ya Mwezi yalipokuwa yamevurugika. Hawa ndio wanaastronomia wa ridhaa. Mchana walitafuta riziki, usiku walikaa na darubini, na majina yao sasa yako juu ya kasoko, yale mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo.

Nyingi ya kasoko hizo unaweza kuziona ukiwa uani kwako, uwe Tanga, Kisumu au Bujumbura. Kinachowakwamisha watu ni kuchagua usiku. Wengi hutoka nje Mwezi ukiwa mpevu, wanakuta mng'ao mtupu, wanarudi ndani. Usiku huo ndio mbaya kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu jua linaupiga uso wa Mwezi moja kwa moja, vivuli vinatoweka na kasoko zinafutika. Unachokitafuta ni mpaka kati ya upande wenye mwanga na upande wenye giza. Kwenye mpaka huo jua ndiyo kwanza linachomoza, na ukingo wenye kimo cha mita mia tatu tu unatupa kivuli cha kilomita kadhaa. Kila usiku mpaka husogea, na kila usiku unaangukia watu wengine. Mwongozo huu unaufuata mpaka huo tangu Mwezi ungali mchanga hadi siku moja kabla ya kupevuka.

Hatua ya kwanza: kifaa, na kanuni ya mchungaji Dawes

Binokula ya 10x50 inatosha kuzijua zile zinazoitwa bahari (mare kwa Kilatini), yaani mabaka meusi ya lava iliyoganda, pamoja na kasoko kubwa kama Clavius. Egemeza viwiko ukutani au juu ya ukingo wa baraza, la sivyo picha itatetemeka na hutaona chochote cha maana. Lakini kwa majina mengi tunayoyasaka hapa unahitaji darubini, hata ndogo, yenye lenzi au kioo cha milimita 70 na kuendelea.

Uwezo wa darubini yako unaweza kuukadiria mwenyewe, na kanuni yenyewe imetoka kwa mmoja wa watu tunaowatafuta. William Rutter Dawes alikuwa mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, aliyesifika kwa jicho kali, na alipima kwa majaribio ni umbali gani kati ya nyota mbili darubini inaweza kuutenganisha. Chukua 116, gawanya kwa kipenyo cha lenzi kwa milimita. Unapata pembe kwa sekunde za tao, yaani nyuzi moja iliyogawanywa vipande 3,600. Kwenye Mwezi, ambao kwa wastani uko kilomita 384,400 kutoka kwetu, sekunde moja ya tao ni sawa na kilomita 1.86. Kwa hiyo darubini ya milimita 70 inafika kwenye kilomita 3 hivi, na ya milimita 114 inakaribia 2. Hayo ni ya kwenye karatasi. Ili uione kasoko kama kasoko, yenye ukingo na kivuli ndani, zidisha mara mbili: hesabu kilomita 6 kwa darubini ya 70 na kilomita 4 kwa ya 114.

Kupata ukuzaji, gawanya urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye bomba la darubini kwa ule ulioandikwa kwenye lenzi ya jicho. Bomba la milimita 700 na lenzi ya jicho ya milimita 14 vinakupa mara 50. Tafuta kwa mara 40 au 50, kisha ukishaipata kasoko panda hadi mara 100 au 120. Ukizidisha zaidi ya hapo kwa darubini ndogo, picha inakuwa kubwa na yenye ukungu.

Kuna mambo matatu ya mazingira yetu ambayo vitabu vya nchi za baridi huyapita haraka. Usitazame juu ya paa la mabati lililopikwa na jua kutwa nzima; hewa ya moto inayopanda kutoka pale huifanya picha ichemke hadi usiku sana. Usitazame ukiwa ndani kupitia kioo cha dirisha. Na itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuanza, ili joto lake lilingane na la hewa. La nne ni la usalama, na halina mjadala: subiri jua lizame kabisa ndipo uinue darubini. Jua likiingia ndani ya lenzi hata kwa nukta moja, jicho limekwenda.

Hatua ya pili: jua Mwezi uko usiku wa ngapi

Anayefuata mwezi mwandamo tayari ana jedwali mkononi. Usiku hilali inapoonekana ni usiku wa kwanza. Usiku wa 7 au wa 8 Mwezi ni nusu. Usiku wa 14 au wa 15 ni mpevu. Namba ya usiku inakaribiana sana na umri wa Mwezi kwa siku, na kwa kazi yetu ukaribu huo unatosha. Asiyefuata kalenda hiyo aangalie umri wa Mwezi kwenye programu ya simu kama Stellarium. Kuanzia hapa, nikisema usiku wa 9, namaanisha usiku wa tisa tangu hilali.

Hatua ya tatu: igeuze ramani

Hapa ndipo watu wa ukanda wetu wanapopotea, wala si kosa lao. Ramani karibu zote zimechorwa kaskazini ikiwa juu, kama Mwezi unavyosimama kwa mtu wa Ulaya. Sisi tulio karibu na Ikweta tunaupata Mwezi ukiwa umelala. Jioni ukitazama magharibi, Mwezi mchanga umekaa kama mtumbwi, na kaskazini yake iko mkono wako wa kulia. Ukiutazama unapochomoza mashariki, kaskazini yake iko kushoto. Ukiwa juu ya kichwa, geukia kusini, inua uso, na hapo ramani ya vitabu italingana nao bila kuigeuza.

Ili usikariri yote haya, tumia alama moja: Mare Crisium. Ni baka jeusi la mviringo, limejitenga na mengine, karibu na ukingo wa mashariki wa Mwezi, na huonekana kuanzia usiku wa 3 au wa 4. Shika ramani, izungushe hadi Mare Crisium ya kwenye karatasi ikae upande uleule na ya angani. Basi. Mashariki na magharibi ninazozitaja humu ni za Mwezi wenyewe, kama zilivyo kwenye ramani za kisasa: Mare Crisium iko mashariki.

Darubini nayo ina mambo yake. Ya vioo, ile ambayo unatazamia ubavuni mwa bomba, hupindua picha juu chini na kulia kushoto kwa pamoja. Ramani ukiigeuza kichwa chini inalingana. Ya lenzi yenye kioo cha kupindisha mwanga nyuma yake hutoa picha kama ya kwenye kioo cha kujitazamia, na hiyo huwezi kuirekebisha kwa kuzungusha karatasi. Tumia ramani iliyogeuzwa upande. Programu ya bure ya Virtual Moon Atlas inaweza kukugeuzia, na hata picha ya ramani kwenye simu unaweza kuigeuza kwa kitufe kimoja.

Hatua ya nne: piga hesabu ya usiku wa kila jina

Kila kasoko ina longitudo yake, nayo utaipata kwenye orodha rasmi ya majina ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, inayotunzwa mtandaoni na taasisi ya jiolojia ya Marekani. Mpaka wa mwanga husogea nyuzi 12 hivi kila siku, na Mwezi ukiwa nusu, katika siku ya 7.5 kwa wastani, uko kwenye nyuzi sifuri, katikati kabisa. Kwa hiyo gawanya longitudo kwa 12. Kasoko ikiwa mashariki, toa jibu kutoka 7.5; ikiwa magharibi, jumlisha.

Mfano: kasoko ya Birt iko nyuzi 8.5 magharibi. 8.5 kwa 12 ni 0.7. Jumlisha na 7.5, unapata 8.2. Jua linaichomozea Birt katika siku ya nane na kitu, kwa hiyo itafute usiku wa 9, au wa 8 ukiwa na bahati. Mwendo wa Mwezi hauko sawasawa mwezi mzima, na jibu linaweza kusogea nusu siku huku au kule. Ukikosa leo, rudi kesho.

Angalia pia kama longitudo inazidi 90. Ikizidi, kasoko iko upande wa nyuma wa Mwezi na huwezi kuiona kutoka duniani. Ndivyo ilivyo kwa Thomas Harriot, Mwingereza aliyeuchora Mwezi kwa kutumia darubini mwaka 1609, miezi kadhaa kabla ya Galileo. Kasoko yake iko nyuma huko, na hilo linanisikitisha kila ninapopitia orodha.

Usiku wa 5 na wa 6: mwalimu, bwana mkubwa na mchungaji

Tafuta kwanza kasoko kubwa ya Theophilus, yenye upana wa kilomita 100 hivi na mlima katikati, pembeni mwa Mare Nectaris. Haikosekani. Mashariki yake, kwenye uwanda, kuna kasoko ndogo ya kilomita 28: huyo ni Mädler. Johann Mädler alikuwa mwalimu Berlin, akimfundisha astronomia Wilhelm Beer, mwenye benki. Mwanafunzi alikuwa na darubini na nyumba, mwalimu alikuwa na mkono na subira, na kati ya 1834 na 1836 wakatoa ramani ya Mwezi yenye upana wa karibu mita moja iliyoyapita yote yaliyotangulia. Darubini yao ilikuwa na lenzi ya milimita 95. Soma tena kipimo hicho, kisha ulinganishe na darubini za kuanzia zinazouzwa leo.

Ukishuka kusini ndani ya Mare Nectaris utaona kidoti cha kilomita 12 juu ya uwanda laini. Ni Rosse, kwa jina la bwana wa Birr, Ireland, aliyejenga nyumbani kwake darubini yenye kioo cha mita 1.8 mwaka 1845, kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Usiku unaofuata panda kaskazini, pale Mare Serenitatis na Mare Tranquillitatis zinapokutana: kasoko safi ya kilomita 18 iliyoko hapo ni Dawes, mchungaji wa kanuni yetu.

Usiku wa 8: katikati ya uso wa Mwezi

Huu ndio usiku ninaoupenda kuliko yote. Mwezi uko juu sana jua linapozama, na una muda hadi karibu saa sita usiku.

Anza na Hipparchus, kasoko pana na chakavu iliyo kaskazini mwa Albategnius, ambayo imebeba jina la al-Battani, mwanaastronomia wa zamani wa ulimwengu wa Kiislamu. Ndani ya Hipparchus, upande wa kaskazini-mashariki, kuna kasoko changa ya kilomita 30 yenye kingo kali. Ni Horrocks. Jeremiah Horrocks alikokotoa kwamba Zuhura ingepita mbele ya jua mwishoni mwa 1639, jambo ambalo wakubwa wa zama zake hawakulitarajia, akalisubiri kijijini Lancashire na kuliona kwa kuakisi picha ya jua kwenye karatasi. Rafiki yake William Crabtree naye aliliona kutoka Manchester. Horrocks alifariki 1641 akiwa na miaka 22.

Sasa nenda magharibi hadi Ptolemaeus, ule uwanda wa duara wenye sakafu tambarare. Mara tu juu yake, kaskazini, kuna kasoko ya kilomita 40 yenye ngazi kwenye kuta na kilima katikati. Huyo ni William Herschel, mpiga kinanda wa kanisa la Bath, aliyesugua vioo vya darubini nyumbani kwake na kuigundua sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781. Familia yake tutaikuta tena usiku wa 11.

Ukiwa na darubini ya milimita 100 au zaidi, usiondoke bado. Panda kaskazini hadi Sinus Medii, ghuba ndogo iliyo katikati kabisa ya uso wa Mwezi, pale latitudo sifuri na longitudo sifuri zinapokutana. Tafuta kasoko ya Triesnecker, yenye kilomita 26, kisha shuka kusini-magharibi kiasi cha kilomita 100. Utaona shimo dogo, kilomita 5 tu kwa upana, nukta nyeusi yenye nusu duara angavu upande wa magharibi, mwanga wa asubuhi unapougonga ukuta wa ndani. Magharibi yake kidogo kuna jingine linalolizidi kidogo. La kwanza ni Blagg, la pili ni Bruce.

Mary Blagg aliishi Cheadle, Staffordshire, na hisabati alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya shule vya kaka zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ramani za Mwezi zilikuwa zinapingana: kasoko moja ilikuwa na majina mawili matatu, na jina moja lilikuwa juu ya kasoko mbili. Blagg alikaa na ramani za wakubwa waliotangulia, akazilinganisha kasoko kwa kasoko, na mwaka 1913 ikatoka orodha yake ya mlinganisho. Mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kukubaliwa na Chama cha Kifalme cha Astronomia cha Uingereza. Mwaka 1935 yeye na Karl Müller, ofisa wa serikali aliyestaafu, wakatoa orodha ya kwanza ya majina iliyokubaliwa kimataifa. Kila jina unalolisoma kwenye ramani yako limepita kwenye msingi ule. Bruce naye ni Catherine Wolfe Bruce wa Marekani, aliyetoa mali yake kununulia wanaastronomia vifaa. Kasoko zao ni ndogo kiasi kwamba wengi huzipita, ndiyo maana nakusihi usimame hapo. Zungusha fokasi polepole, subiri sekunde ambazo hewa inatulia, na utaziona zote mbili kwa pamoja.

Usiku wa 9 na wa 10: ukuta ulionyooka

Kusini mwa Ptolemaeus kuna kasoko mbili zilizopangana nayo kwa mstari: Alphonsus, kisha Arzachel. Ukishuka kutoka Arzachel kuelekea kusini-magharibi utakutana na kitu ambacho hakifanani na chochote kingine Mwezini, mstari mweusi ulionyooka wenye urefu wa kilomita 110. Ni Rupes Recta, mahali ambapo ardhi ilikatika na upande mmoja ukashuka mita mia mbili na ushee. Weusi wake unayadanganya macho, ukadhani ni genge la wima. Kwa kweli ni mteremko ambao ungeweza kuupanda kwa miguu. Kwa kuwa upande ulioshuka ni wa magharibi, jua la asubuhi linatupa kivuli chote juu ya uwanda.

Magharibi ya mstari huo kuna kasoko ya kilomita 17, na juu ya ukingo wake imekaa ndogo zaidi, Birt A. Hiyo ni Birt, ya William Radcliffe Birt, Mwingereza aliyewakusanya wenzake wa ridhaa wauchunguze Mwezi kwa mpango mmoja, kila mtu na kipande chake. Mashariki ya mstari ni Thebit, yaani Thabit ibn Qurra, mwanaastronomia wa zamani wa Harran. Tumia dakika ishirini hapa. Kivuli ndani ya Birt hupungua huku unatazama, na ukiwa na darubini ya milimita 150 na hewa tulivu utaona ufa mwembamba magharibi yake.

Toka Birt panda kaskazini kilomita 200 juu ya Mare Nubium, utafika Lassell, kilomita 23. Utajiri wa William Lassell ulitokana na kiwanda chake cha bia Liverpool, na aliutumia kujengea darubini. Tarehe 10 Oktoba 1846, siku 17 baada ya Neptune kugunduliwa, aliuona mwezi wake mkubwa, Triton.

Rudi kusini kabisa hadi Clavius, yenye zaidi ya kilomita 220. Kasoko iliyokaa juu ya ukingo wake wa kusini-mashariki ni Rutherfurd, mwanasheria wa New York aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuupiga Mwezi picha nzuri, katika miaka ya 1860. Kutoka kwake kasoko nyingine zinapinda kwa safu ndani ya Clavius, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

Kisha kaskazini, Mare Imbrium. Kati ya Archimedes na Timocharis kuna kasoko mbili ndogo zinazokaribia kugusana, kila moja kilomita 9 hivi, kama pacha. Ya mashariki ni Beer, yule mwenye benki wa Berlin. Ya magharibi ni Feuillée. Usiku wa 10 utaiona pia Fauth, kilomita 100 kusini mwa Copernicus: kasoko mbili zimeungana zikatoa umbo la tundu la ufunguo. Philipp Fauth alikuwa mwalimu wa shule Ujerumani, mchoraji makini sana wa Mwezi. Nadharia aliyoishikilia, kwamba Mwezi umefunikwa na barafu nene, haikuwa kweli, lakini michoro yake ilibaki.

Usiku wa 11 na wa 12: familia ya Herschel na bonde la Schröter

Tafuta Sinus Iridum, ghuba ya nusu duara iliyo kaskazini-magharibi mwa Mare Imbrium. Ina rasi mbili, na ya magharibi inaitwa Promontorium Heraclides. Kutoka rasi hiyo shuka kusini juu ya uwanda kiasi cha kilomita 200. Kuna kasoko mbili ndogo zinazofuatana kaskazini hadi kusini, na ni rahisi kuzichanganya. Ya kusini ni Heis. Ya kaskazini, kilomita 13, ni Caroline Herschel, ambayo kwenye ramani imeandikwa C. Herschel.

Caroline alianza kama mwimbaji jukwaani Bath. Kaka yake alipokuwa akisugua kioo bila kuweza kuinua mikono, yeye ndiye aliyemlisha chakula kinywani. Baadaye akapata darubini yake ndogo, na tarehe 1 Agosti 1786 akagundua kometi, ile nyota yenye mkia, ya kwanza kati ya nane. Mwaka uliofuata mfalme alimpangia mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, na mwaka 1828 Chama cha Astronomia kikampa nishani ya dhahabu.

Sasa panda kaskazini, uvuke Mare Frigoris. Uwanda mkubwa uliochakaa, wenye sakafu ya vilima vidogo, upana wake zaidi ya kilomita 150, ni J. Herschel: John, mtoto wa William, aliyekaa Cape Town kuanzia 1834 hadi 1838 akiipima anga ya kusini. Mtoto kilomita 150, baba 40, shangazi 13. Mimi ningegawa vingine.

Usiku wa 12 elekea Aristarchus, mahali pang'avu kuliko pote upande huu. Jirani yake ni Herodotus, na kaskazini ya Herodotus huanza bonde linalopinda kwa urefu wa kilomita 160: Vallis Schröteri. Johann Schröter alikuwa hakimu wa Lilienthal, Ujerumani, na mwaka 1813 askari wa Ufaransa walichoma mji wake na kupora darubini zake. Angalizo: kasoko inayoitwa Schröter haiko hapa. Iko mbali, karibu na Sinus Medii, na wengi huhangaika kuitafuta kando ya bonde.

Usiku wa 13: mpika bia wa Gdańsk

Karibu na ukingo wa magharibi kuna Grimaldi, yenye sakafu nyeusi sana. Hata binokula huiona. Kutoka hapo panda kaskazini. Kwanza Lohrmann, kilomita 31, mpima ardhi wa Dresden aliyetoa mwaka 1824 vipande vinne vya ramani ya vipande 25. Ramani nzima ilitoka 1878, miaka 38 baada ya kifo chake. Inayofuata, yenye zaidi ya kilomita 100, ni Hevelius.

Johannes Hevelius alikuwa mpika bia na diwani. Alijenga kituo cha kutazamia nyota juu ya mapaa ya nyumba zake, akauchora Mwezi, akachonga sahani za shaba kwa mkono wake, na mwaka 1647 akatoa kitabu cha kwanza kikubwa cha ramani za Mwezi. Moto uliteketeza kituo hicho mwaka 1679, naye akakijenga upya. Majina mengi aliyoyatoa hayakushika, kwa sababu Riccioli wa Bologna alitoa mengine mwaka 1651, na hayo ndiyo tunayoyatumia. Riccioli huyohuyo ndiye aliyempa Hevelius kasoko. Ukiwa na darubini ya milimita 100 tazama sakafuni: kuna nyufa nyembamba zinazokatizana. Ukiziona, zichore.

Kuweka kumbukumbu

Picha ya simu ni rahisi: weka kamera juu ya lenzi ya jicho, punguza mwanga kwa kidole kwenye skrini, piga nyingi, chagua moja. Lakini chora pia. Duara la sentimita 8 kwa kikombe, penseli laini, tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu. Anza na vivuli, maana ndivyo vinavyobadilika, kisha kingo. Andika tarehe, saa, usiku wa ngapi, kipenyo cha darubini na ukuzaji. Kesho yake linganisha na picha za chombo cha LRO, kinachouzunguka Mwezi tangu 2009 na ambacho picha zake ni za bure. Vile vidoti ulivyovichora bila kuwa na hakika navyo utavikuta pale vikiwa na majina yao, au na herufi kama ile ya Birt A.

Mwezi ukishapita upevu, kazi inaanza tena kwa mwanga wa upande wa pili. Jua sasa linazama kwenye kasoko zilezile, mpaka unaanzia tena Mare Crisium, na hesabu ya hatua ya nne inabadilika kidogo: weka 22 mahali pa 7.5, kisha tazama usiku wa jibu au unaotangulia, kabla giza halijaifunika kasoko. Utalazimika kuamka, kwa kuwa Mwezi wa usiku wa 22 huchomoza karibu saa sita usiku, na kaskazini yake ikiwa kushoto kwako. Elekeza darubini kwenye Birt tena alfajiri hiyo, saa kumi au kumi na moja: Rupes Recta, iliyokuwa mstari mweusi, sasa ni mstari mweupe, kwa kuwa jua linaupiga mteremko wenyewe.